USUKANI USEMAO KWELI

Wale waliowahi kuvuka bahari kwa jahazi kutoka Tanga kwenda Wete au Mkoani watamkumbuka mshika usukani. Hakuwa akiitazama kana, ule mti wa kugeuzia, aliokuwa ameushika. Aliegemea, akapiga soga na abiria, akatafuna muhogo wake, na kiganja kimoja kimetulia juu ya mti. Lakini mkondo ulipobadilika, au upepo ulipogeuka kidogo, mkono wake ulijua kabla ya macho yake, kwa kuwa maji yaliusukuma usukani, usukani ukaisukuma kana, na kana ikamsukuma yeye. Hivyo ndivyo chombo kilivyosema naye. Mwanafunzi akiachiwa kana kwa mara ya kwanza hafundishwi kugeuza kabla hajafundishwa kusikiliza kwa kiganja.

Neno hilo hilo, usukani, lilipanda kutoka chomboni likaingia garini, na maana yake haikupotea njiani. Dereva mzuri naye husikiliza kwa viganja. Leo twapenda kuzungumza juu ya usukani wa tatu, usiokuwa majini wala barabarani, bali hufungwa juu ya meza mbele ya kioo cha kompyuta. Swali letu ni moja tu: je, usukani huo waweza kusema kweli? Maana ukisema kweli ni mwalimu. Na ukisema uongo, ni heri kijana asiushike kabisa.

Sanduku lililofika Pongwe

Pongwe yetu iko kando ya barabara kuu itokayo Tanga kwenda Segera, kilomita zisizotimia 20 kutoka mjini. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, imepita hapa. Kiwanda cha saruji kiko hapa. Malori yapitayo usiku na mchana yamewafanya watoto wetu wazitambue sauti za injini kabla hawajajua kusoma. Haishangazi basi kwamba vijana wengi wa hapa hutamani udereva. Njia ya kuufikia ni ile ile ya miaka yote: mtu huanza utingo, akaosha gari, akabadili matairi, akamtazama dereva wake kwa miezi na miaka, na siku moja dereva akiwa radhi, akaachiwa usukani kwenye uwanja mtupu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni utingo wa namna hiyo. Mwaka jana alirudi kutoka Dar es Salaam na sanduku kubwa lililofungwa kwa kamba za katani. Ndani yake mlikuwa na usukani uliokwisha kutumika, vikanyagio vitatu vya klachi, breki na mafuta, pamoja na kijiti cha gia. Alikuwa amejinyima mengi ili akinunue kifaa hicho kutoka kwa kijana mwenziwe aliyekuwa akikitumia kwa michezo ya mashindano ya magari.

"Mjomba," aliniambia, "kwa hiki nitajifunza bila ya kumsumbua mtu wala kuchoma dizeli."

Msomaji asidhani kwamba kitu hicho ni mwanasesere. Ndani ya kasha la usukani mna mota ya umeme. Programu iliyomo katika kompyuta hupiga hesabu, mara nyingi katika kila sekunde, jinsi matairi ya mbele ya gari la kuigiza yanavyoikamata barabara, kisha huiamuru mota iusukume usukani kama vile gari lenyewe lingalivyousukuma. Dereva akiingia kona, usukani huwa mzito. Akipanda jiwe, hutikisika. Akitoka lami na kuingia kifusi, huunguruma mkononi.

Vifaa hivi ni vya daraja tatu. Vya bei nafuu hupeleka nguvu ya mota kwa meno ya gia, vya kati kwa mkanda, na vya ghali mota yake imeungwa moja kwa moja na mhimili wa usukani. Ule wa meno hutoa nguvu ipatayo newton-mita 2, ambayo kwa usukani wenye kipenyo cha sentimita 28 ni sawa na kutundika mzigo wa kilo moja na nusu ukingoni mwake. Ule wa ghali hutoa newton-mita 8 na zaidi, karibu kilo sita, na ipo mikubwa iwezayo kumtegua kidole gumba mtu asiyejihadhari. Wa mpwa wangu ulikuwa wa meno.

Lundo la mchanga

Alikifunga kifaa juu ya meza ya kulia ya mama yake, akachomeka nyaya, akaanza kazi. Hakubadili hata kitu kimoja katika vile mwenye nacho wa kwanza alivyokiacha. Kwa muda wa miezi miwili alijifunza kila usiku, na kwa kumtazama mtu angalisema amehitimu. Kona alizikata, gia alizibadili bila ya kutazama, na muda wake wa kumaliza mzunguko ulipungua kila juma.

Kisha ikafika siku ya gari la kweli, katika uwanja mtupu, na mwalimu wa udereva ameketi kando yake. Nilikuwapo. Mwalimu alimwambia aende polepole, kisha asimame penye alama ya chokaa. Kijana akagusa breki kwa ncha ya mguu, kama alivyozoea. Gari likaendelea. Akashtuka, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Matairi yakagoma, gari likaserereka juu ya changarawe, likaupita mstari wa chokaa na kuingia katika lundo la mchanga. Hakuumia mtu. Kilichoumia ni bampa ya mbele na fahari ya kijana.

Mwalimu hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Nani aliyekufundisha kugusa breki kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango?"

Jioni ile jirani yetu, mzee aliyeendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuja kumpa kijana pole. Akaomba akione hicho kilichomfundisha. Akaketi, akaendesha dakika kumi bila ya kusema neno, kisha akainua mikono.

"Mjukuu wangu," alisema, "breki hii ni ya uongo, na usukani huu ni wa uongo zaidi. Nimeingia kona kwa mwendo wa kuua. Matairi ya mbele yameteleza, nayaona. Lakini usukani umebaki mzito vile vile. Gari la kweli likianza kuiachia barabara, usukani hulegea mkononi. Kulegea huko ndiko kukwambiako ondoa mguu. Huu hauniambii kitu."

"Sasa tufanyeje, Babu?" kijana aliuliza.

"Tuutengeneze useme."

Kazi hiyo ilituchukua siku tatu. Tunayaeleza hapa tuliyojifunza kwa kuwa vifaa hivi vinazidi kuingia nchini, na kwa kuwa tunaamini havitakawia kufika katika vyuo na ofisi za umma.

Kiti kabla ya mashine

Jambo la kwanza halikuhusu umeme hata kidogo. Meza ya dada yangu iliyumba kila kijana alipokata kona, na kiti chake cha magurudumu kilirudi nyuma kila alipokanyaga breki. Mguu uliosukuma kikanyagio ulikuwa unasukuma kiti, na mwili ukajifunza kwamba breki hukanyagwa taratibu ili kiti kisikimbie. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Fundi seremala wa hapa Pongwe alitutengenezea fremu ya mbao, kiti na ubao wa vikanyagio vikiwa kitu kimoja, vimekazwa kwa bolti na nati. Mzee akapima kama apimavyo dereva. Mgongo uliegemezwa kitini, mkono ukanyooshwa, na kifundo cha mkono kikalala juu ya ukingo wa juu wa usukani bila ya bega kubanduka. Klachi ilikanyagwa mpaka mwisho, na goti likabaki limekunjwa kidogo.

Kisha akakihamisha kijiti cha gia. Kijana alikuwa amekifunga upande wa kulia, kama kinavyoonekana katika picha za Ulaya na Marekani. Sisi twaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani wa magari yetu uko kulia, na gia zetu hushikwa kwa mkono wa kushoto. Miezi miwili kijana alikuwa akiufundisha mkono usiokuwa na kazi. Ndani ya programu pia magari mengi yalikuwa ya usukani wa kushoto. Tukachagua ya usukani wa kulia.

Kuupima usukani

Nyaya zina utaratibu wake. Vikanyagio na kijiti cha gia huungwa kwenye kasha la usukani. Kasha huungwa na adapta yake ya umeme. Waya wa USB huingia moja kwa moja katika kompyuta, bila ya kupitia kigawanyio. Umeme ukiwashwa, usukani hujizungusha wenyewe kushoto na kulia mpaka mwisho ili kutafuta katikati yake. Wakati huo mtu asiuguse, kwani akiuzuia utaipata katikati isiyokuwa katikati.

Baada ya hapo hufunguliwa programu ya kifaa chenyewe, na vipimo vyake hukaguliwa kimoja kimoja. Tulikuta usukani umewekewa mzunguko wa nyuzi 270, yaani robo tatu tu ya duara, ili uwahi kugeuka katika mashindano. Tuliuweka nyuzi 900, ambayo ni mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Hiyo yakaribia gari dogo. Malori mengi huzidi hapo, hufika mizunguko minne na zaidi, na kifaa cha mezani hakiwezi kuwafuata. Lakini kijana aliyezoea nyuzi 270 akipewa lori, hatajua mikono yake iende wapi penye kona.

Vikanyagio navyo vilikaguliwa. Ziko programu zinazosoma mafuta na breki kama kitu kimoja, kimoja kikipunguza kingine, hizo hutenganishwa. Kila kikanyagio hukanyagwa kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukitazama mstari wake kwenye kioo, kuhakikisha kwamba unajaa wakati mguu umefika mwisho, wala si kabla. Mstari wa breki ulijaa mguu ulipofika robo ya njia. Lile lundo la mchanga lilikuwa limeandikwa pale tangu mwanzo, na sisi hatukulisoma.

Kweli na uongo wa nguvu

Sasa tufike kwenye lile alilolisema mzee juu ya kulegea kwa usukani.

Gari likiwa kwenye mwendo, usukani hurudi katikati wenyewe kwa sababu mbili. Magurudumu ya mbele yamefungwa kwa mwinamo, kama gurudumu la kigari cha kubebea mizigo linalofuata nyuma ya mhimili wake. Pili, tairi likipinda, nguvu ya barabara huligusa nyuma kidogo ya kitovu chake, ikaliburuta lirudi lilikotoka. Nguvu hiyo huongezeka kadiri kona inavyokaza. Lakini tairi likikaribia mwisho wa uwezo wake, mvuto huo hupungua mapema, kabla mshiko wenyewe haujaisha. Basi kulegea kwa usukani ni onyo linalotangulia hatari.

Kifaa cha mpwa wangu kilikuwa kimewekewa kitu kingine: springi ya kubuni, amri ya kudumu inayoiambia mota irudishe usukani katikati daima, gari lipo au halipo, barabara ipo au haipo. Springi hiyo huufanya usukani uwe mzito na wa kupendeza mkononi, na mnunuzi husema, "Hiki kweli ni imara." Lakini ule uzito hautoki barabarani. Umelifunika onyo, kama mtu anayepiga ngoma wakati mwadhini anaadhini. Katika michezo inayopiga hesabu ya matairi kwa uaminifu, springi hiyo huzimwa kabisa, tukaizima.

Nguvu yenyewe pia isipandishwe mpaka juu. Kijana aliiweka asilimia 100 akidhani ndiyo kweli kamili. Lakini mota ndogo ina kikomo chake. Programu ikiomba nguvu kubwa kuliko uwezo wa mota, mota hutoa kile kile cha mwisho kwa kona ndogo na kona kubwa, kwa lami na kwa jiwe. Ni kama redio ndogo ya betri iliyofunguliwa mpaka mwisho: sauti ni kubwa, lakini yote ni mkoromo, na humsikii tena mpiga udi wala mpiga dufu. Tuliipunguza kidogo kidogo mpaka kona kali kuliko zote ikawa ndiyo pekee inayofika kikomo. Usukani ukawa mwepesi zaidi, na kwa mara ya kwanza ukawa na maneno.

Kwa kuwa ni usukani wa meno, una ulegevu kidogo katikati, na nguvu ndogo sana hupotelea humo. Programu nyingi zina kipimo cha kuinua nguvu hizo ndogo ili zifike mkononi. Kipandishwe hadi ulegevu upotee. Kikizidi, usukani huanza kutetemeka wenyewe barabara ikiwa nyoofu.

Tulipomaliza, mzee akaketi tena, akaingia kona ile ile. Safari hii aliondoa mguu katikati ya kona bila ya kuambiwa. "Umenong'ona," alisema.

Mguu hukumbuka uzito

Breki ndiyo kazi ngumu zaidi. Vikanyagio vya bei nafuu hupima umbali: mguu umekwenda kiasi gani. Breki ya gari la kweli kwa sehemu kubwa ni habari ya uzito: mguu umesukuma kwa nguvu kiasi gani. Mwili wa binadamu hukumbuka uzito kuliko umbali, ndiyo maana seremala huijua nyundo yake hata gizani. Vikanyagio vya bei ya juu vina kipimo cha uzito badala ya kipimo cha umbali, na hapo ndipo fedha ya ziada ina faida kubwa kuliko mahali pengine popote katika kifaa kizima.

Sisi hatukuwa na fedha hiyo. Tulifunga kipande cha mpira mgumu nyuma ya kikanyagio, ili mguu ukutane na upinzani unaoongezeka, kisha tukakipima upya ili mstari ujae pale ambapo mguu umesukuma kwa nguvu ya kweli. Tena tuliizima ile breki ya kujisaidia yenyewe isiyoruhusu matairi kugoma, maana pickup ya mwalimu haikuwa nayo. Jioni ya kwanza matairi yaligoma kila mara. Jioni ya tano yaligoma mara chache. Mguu ulikuwa umeanza kujifunza.

Macho, chumvi na umeme

Macho nayo hudanganywa. Kioo cha kompyuta chenye upana wa sentimita 53, kikiwekwa umbali wa sentimita 70 kutoka machoni, huchukua nyuzi 40 na kitu tu za upeo wa macho. Programu nyingi huonyesha nyuzi nyingi zaidi ili mtazamaji aone pande zote, na hapo kona huonekana ziko mbali kuliko zilivyo. Upeo wa programu sharti ulingane na umbali wa jicho. Mtu huona kidogo zaidi, lakini akionacho kiko mahali pake.

Sisi wa pwani tuna maadui wengine wawili. Hewa ya chumvi na vumbi huingia katika vipimo vya vikanyagio, na mstari wa breki huanza kurukaruka bila ya mguu kukanyaga. Dawa yake ni kusafisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, na kukifunika kifaa kwa kanga baada ya kazi. Adui wa pili ni umeme unaopanda na kushuka. Kifaa kiwekewe kilinda umeme, na ukikatika mtu atoe mikono usukanini, kwa kuwa ukirudi utajizungusha upya. Ndugu zetu wa Pemba, ambao tangu mwaka 2010 hupata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, nadhani wataelewa bila ya maelezo zaidi.

Wengine waliotangulia

Atakayecheka kwamba mtu hawezi kujifunza chombo kwa mashine ya kuigiza, akumbuke marubani. Mmarekani Edwin Link, aliyelelewa katika kiwanda cha baba yake cha kutengenezea vinanda, alitumia mifuko ya hewa ya vinanda kutengeneza ndege ya kuigiza mwaka 1929. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wengi sana wa nchi zilizopigana bega kwa bega na Marekani walianzia humo. Hakuna leo shirika kubwa la ndege linalomkabidhi rubani abiria kabla hajapita katika mashine za namna hiyo.

Kwa magari, ushahidi ni wa karibuni. Mwaka 2008 Mhispania Lucas Ordóñez alishinda shindano lililowachukua wachezaji wa michezo ya mashindano ya magari na kuwaingiza katika mashindano ya kweli. Mwaka 2011 Mwingereza Jann Mardenborough alifuata njia hiyo hiyo, na mwaka 2013 huko Le Mans, Ufaransa, timu yake ikawa ya tatu katika kundi lake. Lakini tusisahau kwamba baina ya meza na uwanja wa mashindano walipitishwa katika mafunzo makali ndani ya magari ya kweli, chini ya walimu.

Hata nchi yetu hii ya Afrika Mashariki imo ndani ya programu hizo. Safari Rally iliyoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambayo Bert Shankland aliyekuwa mkazi wa hapa kwetu aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, iliondoka katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 ikarejea mwaka 2021. Mwaka mmoja kabla ya kurejea, mchezo wa kompyuta wa WRC 9 ulikwisha kuziingiza barabara za vumbi za Kenya. Kijana wa Pongwe aweza kuziendesha usiku akiwa chumbani kwa mama yake.

Kwa wakubwa, na kwa ndugu zetu wa visiwani

Tunasema haya yote kwa sababu barabara hii yetu si mchezo. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, wilayani Korogwe katika mkoa wetu huu, lori na gari dogo la abiria lililokuwa likisafirisha maiti yaligongana, na watu zaidi ya 15 wakapoteza maisha. Hatusemi hata kidogo kwamba mashine ya mezani ingaliuzuia msiba ule. Mashine haifundishi subira ya kutolipita gari lililo mbele, haina usingizi wa saa nane za usiku, wala haina mzigo wa saruji unaosukuma mgongoni kwenye mteremko. Haina hofu, na mtu asiye na hofu hajawa dereva. Wala Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimpi mtu leseni kwa sababu ya meza ya mama yake.

Lakini iko sehemu moja ya udereva ambayo mashine yaweza kuifundisha vizuri, na kwa gharama ndogo: mkono wa kusikiliza na mguu wa kupima. Sehemu hiyo leo vijana wetu huipata kwa kubahatisha, katika magari ya watu, barabarani, mbele ya watoto waendao shule.

Kwa hiyo kwa wakubwa wa vyuo vya ufundi na wa usafirishaji, Bara na Zanzibar, tuna ombi. Siku itakapoletwa karatasi ya kununua mashine hizi, msiulize bei ya sanduku peke yake. Ulizeni nani ataipima, na kama mtu huyo amewahi kuendesha gari. Ulizeni kama gia iko mkono wa kushoto. Ulizeni kama breki inapima uzito au umbali. Ulizeni nani ataifuta vumbi mwaka wa pili, baada ya picha za ufunguzi kupigwa. Wala saa za mezani zisihesabiwe kuwa saa za barabarani. Mashine isiyopimwa ni hasara maradufu: imekula fedha ya umma, na imemfundisha kijana kosa kwa bidii.

Kwa ndugu zetu wa Pemba, Tumbatu na Mafia, ambako magari makubwa ya kujifunzia ni machache, na kijana hulazimika kuvuka bahari ili aliguse lori kwa mara ya kwanza, kifaa hiki chaweza kuwa mwanzo mzuri kuliko mikono mitupu. Ninyi mna faida ambayo sisi wa barabarani hatunayo: wazee wenu wangali wanajua kusikiliza kwa kiganja. Mzee wa jahazi aketishwe penye usukani huo, hata kama hajawahi kuendesha gari maisha yake yote. Akisema umekufa, upimeni tena.

Mpwa wangu alirudi uwanjani baada ya majuma sita. Mwalimu alikuwa amelichora upya lile alama la chokaa, na nadhani kwa makusudi alilisogeza karibu na lundo la mchanga. Kijana alikuja polepole, akaikanyaga breki kwa uzito unaoongezeka, na pickup ikasimama gurudumu la mbele likiwa juu ya chokaa. Mwalimu hakumsifu. Alimwambia arudie. Akarudia mara kumi na moja, na mara mbili aliupita mstari.

Leo ana leseni ya kujifunzia, na bado ni utingo. Dereva wake humwachia lori uwanjani siku za Jumapili, naye akirudi nyumbani huiondoa kanga juu ya usukani na kuketi. Huanza kila mara kwa jambo moja alilofundishwa na mzee: huingia kona moja kwa mwendo wa kuzidi, taratibu, mpaka usukani ulegee. Akishausikia umelegea, ndipo anapoanza masomo ya usiku ule.